Mabawa kwenye Jiwe

Mimi Ridhiwani Mfaume nilitumikia jeshi la anga miaka ishirini na sita, na siku zote hizo sikuwahi kuruka hata mara moja. Nalitanguliza hilo mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa kijijini kwetu Mbuchi, maana ndio walionibandika jina la Rubani, na wakiniita hivyo lazima wacheke. Nilikuwa fundi wa injini. Ndege iliingia karakana imekufa, ikatoka inanguruma, na aliyepanda nayo mawinguni alikuwa mtu mwingine. Nikirudi likizo na kombati zangu, watu waliniuliza mbona nguo ni zile zile za askari wa miguu. Nikawaeleza kwamba anga ni jeshi kamili, lina kamandi yake na wakubwa wake. Walitikisa vichwa kwa adabu. Huku deltani mtu akikutikisia kichwa hivyo, ujue hajakuamini, ila anamheshimu mama yako.

Hasira ile ndiyo iliyonifanya msomaji. Nilinunua kila kitabu na kila gazeti kuukuu lililozungumzia ndege za vita, nikagundua kwamba dharau hii haikuanza na mimi. Ndege zilipoanza kupelekwa vitani hakuna aliyezihesabu kuwa jeshi. Wakubwa wa nchi kavu waliziona kama farasi wa kwenda kupeleleza. Wakubwa wa majini waliziona kama mlingoti mrefu wa kuchungulia mbali. Waingereza walikuwa na ndege za jeshi la nchi kavu na ndege za jeshi la maji, kila upande na zake, wakigombania injini na mafundi kama wake wenza wanaogombania kinu. Mpaka tarehe mosi Aprili 1918, vita vimekaribia kwisha, ndipo makundi yale mawili yakaunganishwa, likazaliwa jeshi la tatu linalojitegemea. Nchi nyingine zilichukua miaka mingi zaidi. Habari hii, baada ya kustaafu, niliisimulia gerejini kwangu Kibiti kwa kila aliyeniletea pikipiki au mashine ya boti, mpaka wengine wakahamia kwa fundi wa jirani.

Na kipande kimoja cha historia hiyo kiko kwetu. Mwaka 1915 manowari ya Wajerumani ilijificha ndani ya delta, na Waingereza wakaleta meli za kina kifupi zenye mizinga mikubwa kuja kuimaliza. Lakini mpiga mzinga alikuwa haoni kitu, mbele yake mikoko mitupu. Ndipo ndege ikawa inazunguka juu na kuwaambia waliobaki chini: mmezidisha, mmepunguza, sogezeni kulia. Mara ya kwanza walishindwa. Siku tano baadaye wakarudi, na manowari ikaisha. Hayo yamo vitabuni.

Yasiyomo vitabuni ni ya kwetu. Siku ile ya kwanza watu wa kijiji chetu waliona ndege moja ikiinama na kutumbukia mikokoni. Siku mizinga iliporudi, baba wa babu yetu, Mshamu, aliyekuwa mkata boriti, alitoka alfajiri na mtumbwi wake, hakurudi tena. Vishindo vilipotulia, watu wakaenda kumtafuta. Wakakuta maiti mbili kwenye mkono mmoja wa mto, hatua mia hazifiki kati yao. Moja imevimba, ngozi imevuka, kiunoni ina shuka. Nyingine haina uso, matope na moto vimeitia weusi mmoja na gogo lililoungua, nayo ilikuwa uchi. Akaitwa Bibi Tatu, mke wa Mshamu. Alilishika lile shuka akalitambua kwa pindo alilolishona kwa mkono wake. Akasema, huyu ndiye mume wangu. Basi yule aliyekutwa uchi akawa ndiye mgeni wa juu. Hawakuwa wa kuoshwa tena, wakafanyiwa tayamamu, wakakafiniwa na kusaliwa wote wawili, maana kwetu maiti ya majini haiulizwi dini yake. Wakalazwa sambamba kuelekea Kibla, Mshamu kushoto, mgeni kulia.

Tangu hapo ukoo wetu husafisha makaburi yale kila Shaabani, na kila Shaabani Yasini husomwa upande wa kushoto. Kazi hiyo ilimwangukia dada yangu Mwantum tangu akiwa mwari. Dada amenizidi miaka sita. Mama alipofariki yeye ndiye aliyenilea, akakataa posa mbili kwa ajili yangu, na ya tatu haikuja. Hakuzaa. Alichokuwa nacho ni mimi, shamba la mpunga, na lile kaburi. Alikuwa akizungumza nalo kabisa, akimwambia babu nani kaoa, nani kafa, maji yamefika wapi mwaka huu. Mwaka juzi aliota uvimbe tumboni, na hospitali ya Dar es Salaam ikamrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu. Neno lake likawa moja tu: alazwe kando ya babu Mshamu.

Mafuriko ya mwaka 2024 yalikula ukingo mpaka ikabaki kama hatua ishirini kutoka mtoni hadi kaburini. Ndipo akaja Warda.

Warda alikuwa binti wa Dar es Salaam, mtaratibu, anafanya kazi katika taasisi inayotunza makaburi ya askari wa vita vile. Alikuwa amepata habari za mgeni wetu, naye akataka kumhamishia kwenye makaburi ya vita mjini kabla mto haujamchukua. Alinikuta gereji, mikono imejaa grisi, nikamkokota mpaka gati la Nyamisati, kisha kwa boti hadi Mbuchi, huku nikimsomesha njia nzima. Alikuwa mtu wa kwanza aliyenisikiliza huku anaandika.

Tulikaa kwenye mkeka wa Dada. Warda akafungua karatasi zake.

"Shida yangu ni hii, mzee," alisema. "Upande huu walipotea watu wawili ambao hawakuonekana tena. Mmoja baharia aliyeanguka majini kutoka kwenye boti, mmoja mtu wa ndege. Huyu wenu ni yupi?"

"Katoka juu huyo," nikasema.

"Nani aliona?"

"Kijiji kizima."

"Watu wa kijiji hicho hawapo tena, mzee wangu. Bila kitu cha kushikika, jiwe litaandikwa baharia asiyejulikana."

"Na akithibitika kuwa wa ndege?"

"Atapewa jina lake. Ila nembo itakuwa nanga, ya jeshi la maji. Mwaka huo jeshi la anga halikuwepo."

Nilijua hivyo kuliko yeye, lakini kuambiwa mbele ya dada yangu kuliniuma. Miaka mitatu tu! Mtu kaanguka kutoka mawinguni, halafu anazikwa na nanga kwa sababu kafa mapema. Nilipandisha sauti. Nilisema mengi, mengine hayakumhusu Mwingereza yeyote, yalihusu kombati zangu na miaka yangu ishirini na sita. Dada akanigusa goti.

"Taratibu, we Ridhiwani. Binti wa watu hakukukosea."

Warda hakukasirika. Alisema kikipatikana kitu chochote cha ndege kaburini, yeye mwenyewe ataandika ombi jiwe litiwe mabawa juu ya ile nanga. Kisha akamgeukia Dada kuomba ridhaa ya kuchimba.

"Mgeni mchukueni, ana kwao," Dada alisema. "Ila babu yangu asiguswe hata mchanga. Mimi naja kwake karibuni."

Walichimba siku ya Jumatatu, asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Vibarua wawili, Warda na kamera yake, na mimi nimesimama ukingoni mwa shimo nimevaa koti. Dada alibaki nyumbani, hakuwa na nguvu za kusimama. Mifupa haikuwa mingi. Udongo wa chumvi ulikuwa umeila, iliyobaki inavunjika kama muhogo mkavu, na Warda alisema hiyo hata maabara haitaisemesha. Kisha kibarua akatoa, palipokuwa na mbavu, bonge la kutu kama ngumi.

"Mzee Ridhiwani," Warda aliniita, "wewe ndiye fundi wa ndege. Hiki nini?"

Nikakaa chini na chupa ya mafuta ya taa na brashi ya waya, nikaanza kukisugua. Kutu ikatoka kwa magamba. Chini ya kutu kulikuwa na chuma kinene, na kwenye ukingo wake mshipi wa shaba, umechorwa mistari ya mshazari iliyopangana vizuri. Nikasugua tena, ingawa nilikuwa nimekwisha kuona. Jeshini tulilazimishwa wote kusoma kozi ya silaha, hata sisi mafundi, nami niliilalamikia kozi ile mpaka nikapewa adhabu. Mshipi wa shaba wenye mistari ya mshazari huvishwa risasi ya mzinga, ili ishike mtutu na kuzunguka inapotoka. Hakuna injini yenye kitu hicho. Huyu hakuanguka na ndege. Huyu alipigwa na mzinga.

Na mizinga siku ile ilimuua mtu wetu mmoja.

Hapo ndipo lile shuka likanijia. Huku kwetu ukikuta maiti majini huiachi uchi ukaenda kuita watu. Unavua chako, unaistiri, ndipo unakwenda. Nimeshafanya hivyo mwenyewe nikiwa kijana, kwa mvuvi mmoja aliyezama, nikarudi kijijini kifua wazi na hakuna aliyeniuliza shati liko wapi. Mshamu alikwenda kukata boriti akamkuta mgeni wa juu, siku ya tano yuko majini, maji yameshamvua nguo. Akavua shuka lake akamfunga kiunoni. Kisha akageuka kwenda kuita watu, na mzinga ukamkuta njiani, uchi kama alivyozaliwa. Bibi Tatu hakukosea shuka. Lilikuwa la mumewe kweli.

Kwa hiyo aliyekuwa mbele yangu, vipande vipande juu ya turubai la bluu, alikuwa babu Mshamu. Na yule tuliyemsomea Yasini miaka mia na zaidi, yule aliyeambiwa na dada yangu habari za mpunga na za harusi, alikuwa Mwingereza.

"Mzee?" Warda alisema. "Ni cha ndege?"

Nitasema nilichokiwaza, na kwa mpangilio wake. Kwanza nilimwaza Dada. Nikisema ukweli, watafunga shimo hili na kufungua la kushoto, watamchukua mtu aliyempenda maisha yake yote, na watamwambia hakuwa babu yake. Uvimbe ule peke yake ulimtosha. Hilo nililiwaza kweli, na lilikuwa zito. Lakini halikuwa peke yake. Chini yake nililiwaza jiwe. Niliyaona mabawa.

"Cha injini," nikasema. "Kipande cha silinda."

Warda alishusha pumzi akacheka kwa furaha. Akanipa karatasi niandike maelezo na kutia saini, akasema niandike na cheo changu, maana wakubwa wake watataka kujua ni nani aliyethibitisha. Nikaandika: Sajini Mstaafu Ridhiwani Mfaume, Fundi wa Ndege, Jeshi la Anga. Maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniomba niandike hivyo.

Walimtia babu kwenye sanduku dogo la mbao, lenye namba, akaondoka kwa boti ya saa sita.

Miezi minne ikapita, Warda akanitumia picha kwenye simu. Jiwe jeupe, jipya, jina la Kiingereza la mtu wa ndege, tarehe, nanga, na juu ya nanga mabawa yamekunjuliwa. Chini yake msalaba. Nilikuwa kijiweni pale Kibiti, karibu na wauza korosho. Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Warda alikuwa ameandika chini ya picha kwamba bila Sajini Ridhiwani jambo hili lisingewezekana. Bashiru wa vyuma chakavu, ambaye ndiye kiongozi wa wanaonicheka, aliisoma mara mbili kwa sauti.

"Kumbe kweli, Rubani," akasema, na hakucheka.

Nilinunulia kila mtu kahawa. Niliinywa yangu, haikuwa na ladha yoyote.

Ijumaa zote nilikwenda Mbuchi kumwangalia Dada. Alikuwa amekonda, amebaki macho na ule uvimbe. Kila nikifika ananieleza jinsi atakavyolazwa, kichwa wapi na miguu wapi, ili awe sambamba na babu. Anasema babu anamngoja, ameshamwota mara tatu. Namjibu inshaallah, Dada. Ijumaa moja, hata swala ya mchana bado, aliniambia nimfungulie dirisha aweze kuona upande wa makaburi, na nilipolifungua nikaanza kulia kama mtoto. Sikuweza tena. Nilimwambia yote, kuanzia mshipi wa shaba hadi saini.

Alisikiliza amelala chali.

"Shuka lilikuwa lake?" aliuliza mwisho.

"Lake, Dada. Bibi hakukosea."

"Kwa hiyo babu alikufa uchi."

"Kwa kumstiri mtu."

Nje mtu alikuwa akitwanga.

"Babu alivua nguo yake akampa mgeni," alisema, "na wewe ukamvua jina lake, ukampa huyo huyo mgeni. Kipi kingine ulitaka kumvua?"

Nilimshika mkono, akauacha nikaushika, lakini ulikuwa kama mkono wa mtu asiyekuwepo.

"Yule nimemsomea mimi tangu mwari," aliendelea. "Hizo Yasini si hasara, Mungu anajua pa kuzipeleka. Ila babu yuko kwenye mji wa watu, juu yake msalaba, na hakuna anayejua kumwita. Wanaweza kumrudisha?"

"Nikisema ukweli, watamrudisha."

"Basi sema, mdogo wangu. Usiniombe radhi mimi. Sema tu. Lile shimo la kulia lililoachwa wazi msilifukie, lifunikeni kwa boriti. Mimi nilazeni upande wa pili wa shimo hilo. Akirudi atakuwa katikati, mgeni wake huku, mjukuu wake huku."

Nikamwahidi. Niliporudi Nyamisati nilisimama gatini na simu mkononi, namba ya Warda imetokea kwenye kioo. Nilifikiri maneno ya kuanzia. Nilifikiri ataniuliza kama nilikosea au nilidanganya, na fundi wa miaka ishirini na sita hawezi kusema alikosea kutofautisha silinda na risasi ya mzinga. Nilifikiri jiwe likibomolewa. Nilimfikiria Bashiru. Nikasema nitapiga kesho, nikiwa nimetulia.

Ijumaa iliyofuata Dada aliniuliza, "Umesema?"

"Wanashughulikia, Dada. Mambo ya ofisi yana hatua zake."

"Alhamdulillahi," akasema, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu ile siku. Aliniuliza tena Ijumaa tano. Mara tano nilimjibu: barua imekwenda, mkubwa amesafiri, sanduku limeshatayarishwa, mvua zikipungua, wiki ijayo. Ile ya wiki ijayo alitabasamu akaniomba nimpake mafuta miguu.

Alifariki Jumanne, kabla ya adhuhuri. Tulimzika jioni ile ile, pale alipotaka, upande wa pili wa shimo lililofunikwa boriti. Mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea. Alikuwa mwepesi sana. Nilimlaza ubavu wa kulia, nikamfungua kamba za sanda, nikamwomba msamaha kwa sauti ya chini wakati wengine wanapitisha mbao, ingawa alichonitaka si radhi, alinitaka niseme tu.

Imeshapita miezi saba. Mvua ya masika iliingia ndani ya shimo, boriti mbili zikaoza, nikabadilisha. Watu wa Mbuchi wameniuliza nafasi ile imeachwa ya nani, nikawajibu ni ya babu Mshamu, Dada aliusia. Wamenitazama, wakatikisa vichwa. Sasa hivi mto uko hatua kumi na nne, nimeupima mwenyewe. Warda hunisalimia kila sikukuu, na mara ya mwisho aliniuliza kama ninahitaji chochote. Nilimjibu sihitaji kitu, nashukuru, jiwe limependeza.